Baa ya Mama Yusta

Mafiga, Morogoro
12 Machi 1994

Mpendwa Mjomba Gabrieli,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako likiwa limepata nafuu. Mama Martina mpe shikamoo yangu ya pekee, mwambie dawa ya kifua niliyoahidi nimeipata na nimempa binti yenu Martina ailete. Sisi huku tunapumua. Yusta ameingia darasa la tano na mara hii ameshika nafasi ya pili. Pazi ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anaongea kama mzee. Baba yao bado yuko Mererani kwenye machimbo.

Martina alinipitia leo akitoka sokoni, kabichi zake zote zimekwisha kabla ya saa nne. Yeye ndiye atakayekupandishia barua hii mlimani. Nimemwambia asiifungue, ingawa najua ataifungua.

Mjomba, kiwanda chetu cha nguo kimefungwa. Mwezi uliopita tuliitwa sote uwanjani, tukaambiwa mashine zinasimama mpaka apatikane mtu wa kukinunua. Miaka kumi na sita nimesimama mbele ya mashine ile, nikapewa karatasi moja ya kuniaga. Sikulia pale. Nilirudi nyumbani, nikapiga deki nyumba nzima, halafu nikakaa chini nikafikiri.

Sasa nakueleza mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine. Nimefungua baa. Ni chumba cha mbele cha nyumba yangu, nimebomoa ukuta mmoja na kuweka baraza. Kuna meza tano na viti ishirini, vyote amevichonga Salehe, seremala wa mtaani kwetu. Nauza bia, soda, chai, na supu ya makongoro ya ng'ombe. Nafungua saa kumi jioni na kufunga saa tatu. Leseni ninayo, nimeitundika ukutani.

Najua hutapenda. Lakini nimeshaamua, na sikutaka kukuficha wewe uliyenilea baada ya mama.

Mpwa wako,
Editha


Mlimani, juu ya Mlali
Jumatatu ya Pasaka, 4 Aprili 1994

Mwanangu Editha,

Marahaba. Dawa imefika na Mama Martina ameanza kulala bila kukohoa, anakushukuru sana. Mvua huku ni nyingi, ukungu haujaondoka mlimani tangu Alhamisi. Njegere zimestawi. Mwambie Yusta babu yake amefurahi, ila nafasi ya pili ina mtu mbele yake.

Barua yako niliisoma mara mbili. Pole kwa kazi. Hilo la kwanza nimelielewa. La pili sikubaliani nalo, na sitakubaliana nalo.

Wewe ni mtoto wa dada yangu. Kwa desturi yetu Waluguru, mimi ndiye wa kukuonya, na nikinyamaza nitaulizwa. Shamba la mama yako pale bondeni lipo, hakuna aliyeligusa. Ni lako na la watoto wako, hakuna wa kukunyima. Lina maji mwaka mzima. Funga hiyo nyumba, pangisha vyumba, panda huku tukupokee. Nitakulimia msimu wa kwanza kwa mikono yangu.

Mimi ni katekista kwa miaka ishirini na saba. Nimezika watu wengi walioanzia kwenye viti kama hivyo vya Salehe wako. Wewe unajua ni kwa nini nalisema hili, na sina haja ya kuliandika.

Mbona humtaji Baba Yusta ila kwa mstari mmoja? Ameandika?

Nakuombea,
Mjomba wako, Gabrieli


Mafiga
8 Mei 1994

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia habari za Mama Martina. Huku mvua ilibomoa choo cha jirani na nusu ya wigo wangu, lakini tumeshausimamisha upya. Yusta amesoma ujumbe wako kuhusu nafasi ya pili. Alinuna siku nzima, sasa anaamka saa kumi na moja alfajiri kusoma.

Kuhusu Baba Yusta, sina la kuandika.

Asante kwa habari ya shamba. Nimelia kidogo nilipofika hapo, kwa sababu najua ukisema utalima, utalima kweli. Lakini siji, Mjomba. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Kiwanda kilipofungwa, nilidhani tumepoteza kazi tu. Baada ya wiki mbili nikaanza kuona jambo jingine. Tulikuwa watu mia nane tukipita geti moja. Nani kaumwa, nani kazaa, nani mumewe mkorofi, yote tuliyajua kabla ya saa mbili asubuhi. Sasa kila mmoja amejifungia kwake. Sokoni nilimwona Fundi Geofrey, yule aliyekuwa akitutengenezea mashine, mtu aliyekuwa akiimba mpaka msimamizi anamfukuza. Aliponiona alivuka barabara ili tusisalimiane. Aliona aibu, Mjomba, kana kwamba yeye ndiye aliyekifunga kiwanda. Siku ile ndiyo nilipoamua kubomoa ukuta.

Njoo uone wanaokuja. Salehe hanywi pombe, Mwislamu safi, anakuja kucheza drafti kwa vizibo vya soda na hajawahi kukubali kwamba amefungwa. Huzefa mwenye duka la vifaa vya ujenzi huja na glasi yake mwenyewe, kaifunga kwenye leso, anakunywa soda ya tangawizi na kubishana na kila mtu habari za mpira. Mke wake na watoto wamehamia Kanada kwa shemeji zake, yeye amebaki na duka. Kina mama wenzangu wa kiwandani huja Jumamosi na vitambaa vyao vya kufuma. Na Fundi Geofrey sasa yumo. Nilimfuata kwake mara tatu. Mara ya tatu nikamwambia, "Fundi, feni yangu inapiga kelele." Alikuja kuitengeneza, akaketi pale dirishani, na tangu hapo kila siku saa kumi na moja kamili yuko pale pale. Bia moja humtosha mpaka kufunga.

Muziki hakuna, ila redio wakati wa taarifa ya habari. Mtu akianza matusi namtoa, na akirudi siku ya pili lazima kwanza aombe radhi. Mwenye watoto wadogo simuuzii chupa ya tatu, na wamenizoea hivyo.

Najua unalolikataa kuliandika. Tangu Kaka Tomasi atutoke kule Turiani, mwaka wa tatu huu, hujawahi kutaja jina lake mbele yangu. Nami sitakulazimisha. Lakini baa yangu siifungi.

Editha


Mlimani
19 Juni 1994

Editha,

Marahaba. Sote wazima.

Martina analeta debe la maharage na magimbi. Ni ya watoto. Si ya kuchanganya na supu ya walevi.

Ameniambia kwamba naye aliketi humo Jumamosi, akala supu, akacheka hadi akakosa basi. Amesimulia habari za Mhindi mwenye glasi mpaka mama yake akashika mbavu. Mimi sikucheka.

Jina ulilolitaja katika barua yako usilitaje tena.

Mjomba wako


Mafiga
21 Agosti 1994

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Maharage yamefika na hayakukaribia supu. Watoto hawajambo. Yusta ameshika nafasi ya kwanza. Aliniambia nikuandikie hivyo bila kuongeza neno.

Uliniuliza habari za Baba Yusta nami sikukujibu. Aliandika mwezi wa saba. Ana nyumba nyingine huko, na mtoto. Niliisoma barua yake jikoni, nikaikunja, nikaenda kufungua baa kwa wakati wake. Sasa unajua. Sitaki kuhurumiwa.

Nina mambo mawili. La kwanza ni la Fundi Geofrey.

Jumatatu ya wiki mbili zilizopita hakuja. Nikasema labda ana mafua. Jumanne saa kumi na moja ikapita, nikaangalia dirishani, kiti kitupu. Huzefa akaweka glasi yake chini. "Mama Yusta, Fundi yuko wapi?"

Nikasema, "Hata jana hakuja."

"Siku mbili? Fundi? Haiwezekani. Mimi nakwenda kuona."

Tulikwenda watu sita, mimi nikiwa na aproni na mikono ya supu. Anapanga chumba nyuma ya nyumba moja karibu na reli, na wenye nyumba walikuwa wamesafiri. Tuligonga, kimya. Salehe akaweka sikio mlangoni, akainua mkono tunyamaze. "Anapumua," akasema. "Namsikia." Akatoa bisibisi mfukoni, akafungua bawaba moja moja, akiomba dua. Mlango ulipotoka tulimkuta sakafuni, uso umekwenda upande, macho wazi. Alitutambua. Machozi yalimtoka lakini mdomo haukufanya kazi. Kiharusi kilimwangusha Jumatatu asubuhi, akalala pale siku mbili akiisikia mitaa inapita.

Huzefa alileta pikapu yake, tukampeleka hospitali. Daktari alisema angekaa siku moja zaidi pale chini, tungemkuta maiti. Sasa anaanza kusema maneno mawili matatu, ila mkono wa kulia haunyanyuki. Tumepangiana zamu za kumpelekea chakula. Kama angekuwa hana kiti kwangu, Mjomba, nani angejua?

La pili. Kuna mfanyabiashara anaitwa Bwana Jonathan, anajenga baa kubwa ng'ambo ya barabara, ya ghorofa moja, yenye televisheni na spika za kufika mpaka Mindu. Alinijia na heshima zake, akaniomba nifunge yangu nikawe msimamizi wa jiko kwake. Nilikataa. Sasa ameandika malalamiko kwamba baa za majumbani zinaharibu mtaa. Tumeambiwa utafanyika mkutano wa wakazi, na wengi wakinikataa leseni haitaandikwa upya. Sitishiki, lakini nimekueleza.

Editha


Mafiga
9 Oktoba 1994

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naandika kwa kifupi. Barua yangu ya mwezi wa nane sijapata jibu, na ni karibu miezi miwili. Martina anasema uliipokea mwenyewe, ukatoka nayo nje kuisoma, ukakaa huko mpaka mvua ikakulowesha, na kwamba tangu siku ile huongei mezani. Je, nimekukosea? Kama nimekukosea, niambie kosa. Kama unaumwa, nitapanda mlima kesho.

Mkutano umepangwa Jumamosi tarehe 12 Novemba, saa nne asubuhi, darasani shule ya msingi. Nimepita nyumba kwa nyumba, bado nyumba kumi na nne. Nitazimaliza.

Editha wako


Mlimani
30 Oktoba 1994

Mwanangu Editha,

Marahaba. Hukunikosea. Siumwi. Nilikuwa nalima kwa nguvu kuliko umri wangu ili nisiandike barua hii, na nimelima mpaka shamba limekwisha.

Nilisema usilitaje lile jina. Sasa nalitaja mimi. Tomasi.

Watu wote, pamoja na wewe, niliwaambia pombe ndiyo iliyomuua mwanangu. Niliyasema hayo kanisani, kwenye misa ya kumwombea. Nimeyatumia kama mfano wa mafundisho kwa miaka mitatu. Sikuwa na haki.

Alipokuwa akinywa, nilimwambia asikanyage nyumbani kwangu mpaka aache. Nilimwambia hivyo mlangoni, mama yake yuko nyuma yangu, na alipotaka kusema nikafunga. Akaenda Turiani kufanya vibarua vya kukata miwa na kutengeneza baiskeli. Akapanga chumba peke yake. Mwaka na nusu hatukuandikiana. Mimi nilikuwa nasubiri aanze yeye.

Walipotuita alikuwa amekwisha kukaa siku nne ndani, mlango umefungwa. Wa kwanza kumuulizia alikuwa mwenye chumba. Daktari aliyempima aliniita pembeni, akaniambia, "Mzee, huyu hakuwa na pombe. Ni malaria, imempanda kichwani. Angepata wa kumleta, angepona." Nilimshukuru daktari. Tulimzika kule kule siku ile ile, watu wachache tu, kwa sababu ya hali ya mwili wake. Nilirudi mlimani nikasema ni pombe. Mama yake hajawahi kuniuliza. Juzi nimemwambia. Akasema alijua kuna kitu, maana mtu mwenye huzuni tu hakasiriki namna ile.

Barua yako ya yule fundi nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Watu sita walikwenda, wewe na aproni yako. Kwa Tomasi hata mmoja.

Usinielewe vibaya. Pombe siipendi, na nikifa nitakuwa bado siipendi. Lakini tarehe 12 nitashuka. Nimekwisha muuliza dereva wa basi la alfajiri. Goti si neno. Usimwambie mtu kwamba nakuja, na usinipikie.

Mjomba wako,
Gabrieli


Mafiga
20 Novemba 1994

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Umeondoka bila kuniaga. Nilikutafuta shuleni mpaka chooni. Salehe ndiye aliyeniambia alikuona unapanda basi la saa saba, unachechemea, huangalii nyuma. Natumaini ulifika salama na Mama Martina amekukanda goti.

Hukutaka kuona machozi yangu au hukutaka nione yako, sijui. Lakini mimi niliambiwa nikae nje wakati wa kujadiliwa, kwa hiyo nimesimuliwa tu, na kila mtu anasimulia kwa namna yake. Nakuandikia nilivyosikia, ili na wewe ujue kimebaki nini nyuma yako.

Bwana Jonathan alizungumza kwanza na alizungumza vizuri. Na alisema kweli moja: kwamba mwezi wa tano walevi wawili waliotoka kwangu walipigana mbele ya watoto wa shule. Ni kweli, ilitokea, na wale wawili sijawaruhusu kurudi mpaka leo. Watu wengi walitikisa vichwa kumkubali. Mimi nilikuwa mbali uwanjani, sikusikia neno.

Ndipo ukasimama. Balozi wetu wa nyumba kumi akauliza, "Mzee, wewe ni mkazi wa hapa?"

Wanasema ulijibu, "Hapana. Mimi ni mjomba wa mwenye baa. Na baa siipendi."

Darasa zima likacheka. Ukawangoja wamalize. Kisha ukawaambia habari za Kaka Tomasi, yote, mpaka mlango ulioufunga. Mama mmoja wa nyumba ya kijani, ambaye alikuwa amekwisha niambia usoni kwamba atanipinga, anasema uliuliza hivi: "Ninyi mnaoishi hapa, yule anayekaa peke yake chumba cha nyuma mnamjua jina? Akikosekana leo, atakayegonga mlango ni nani, na ni siku ya ngapi?" Halafu ukakaa chini.

Hapo mimi nilikuwa nimeshasogea dirishani. Kisha Fundi Geofrey akasimama. Salehe alimshika kiunoni. Alisema maneno manne, yametoka kwa shida, nami niliyasikia mwenyewe dirishani: "Mimi siku ya pili."

Balozi akaomba watu wanyooshe mikono. Fundi alinyoosha wa kushoto. Walionikubali arobaini na moja, walionikataa kumi na saba. Nimepewa masharti: kufunga saa tatu, ambayo ndiyo saa yangu, na kuweka ukuta upande wa njia ya shule, ambao nimeanza kuujenga jana. Bwana Jonathan anaendelea na ghorofa lake. Atafungua Krismasi na spika zake. Wengine watahamia kwake, najua, na vijana lazima wataenda. Sina neno. Nitabaki na wanaotaka kusikilizana.

Mama wa nyumba ya kijani alikuja jioni ile ile, akaagiza chai, akauliza kama naweza kumwekea nafasi baba mkwe wake, mjane, ambaye haongei na mtu tangu mwaka jana. Kesho anamleta.

Mjomba, nataka kukushukuru ila kila nikianza mstari naukata. Niandikie.

Editha


Turiani
6 Januari 1995

Mwanangu Editha,

Marahaba. Usishtuke kuona nimeandika kutoka Turiani. Mama Martina ndiye aliyenifungia mfuko wa nguo. Alisema, "Umewaambia watu wa Mafiga. Sasa kaulize watu wa huko." Siku ya mkutano niliondoka kwa sababu sikuweza kuongea tena hata kusema kwaheri. Nisamehe kwa hilo.

Nilifika juzi. Nilikwenda kwanza kwenye kile chumba. Wapangaji wote ni wapya, hakuna aliyewahi kumsikia. Nilikwenda makaburini, tuta la kaburi lake limeanza kushuka na msalaba wa mti umeliwa na mchwa. Nikakaa pale nikajiuliza, nimuulize nani habari za mwanangu? Nikamkumbuka Huzefa wako na glasi yake. Nikainuka nikaulizia kilabu cha pombe cha wakata miwa, mbali na chumba kile.

Editha, nina miaka sitini na minane na nimekanyaga kilabu kwa mara ya kwanza. Ni banda la makuti na magogo ya kukalia. Mwenyewe ni mama mmoja mtu mzima anaitwa Bi Skolastika. Niliagiza soda, akatuma mtu akaninunulie dukani maana hana. Nikamuuliza kama aliwahi kumjua kijana aliyeitwa Tomasi.

"Tomasi fundi baiskeli?" akasema. "Yule mwenye kuimba sauti ya bezi? Kwa nini, unamjua? Yuko wapi siku hizi?"

Nikamwambia mimi ni baba yake. Alinishika mikono miwili, akaita watu. Walikuja wanne, kisha saba. Kila mmoja alikuwa na habari. Alimtengenezea huyu baiskeli bila kumdai. Alimbeba mtoto wa yule mgongoni mpaka zahanati. Alikuwa akijisifu kwamba baba yake ndiye hodari wa njegere mlima mzima. Mambo hayo mimi sikuyajua. Walikuwa wanacheka wanapoyasimulia, na mimi nikacheka nao, kwa sababu walikuwa hawajajua bado.

Ikanibidi niwaambie. Bi Skolastika aliketi kwenye gogo kama mtu aliyesukumwa. Akasema, "Mzee, lakini yeye alikuja kutuaga."

Nikamuuliza, kuaga vipi?

"Alikuwa amekwisha kuacha pombe. Miezi mitatu alikuwa hagusi. Alikuja siku moja jioni, akaomba maji tu, akasimama pale kwenye nguzo. Akasema, 'Sasa naweza kwenda kwa mzee. Wiki hii napanda mlima, atanipokea.' Tukampigia makofi. Tulipoacha kumwona hatukumtafuta, mzee wangu. Tungemtafuta wapi? Tulijua yuko kwako. Tulifurahi."

Kwa hiyo walikuwepo, Editha. Nilikuandikia kwamba kwa Tomasi hakwenda hata mmoja. Watu wa kumgongea mlango alikuwa nao. Hawakugonga kwa sababu walidhani niliufungua wangu.

Nililia mbele yao, mimi mzee mzima, na hakuna aliyeona ajabu. Mmoja alihamia kwenye gogo langu akakaa karibu mpaka nikanyamaza. Sikuambiwa neno la kunifariji, nami sikulihitaji.

Leo asubuhi tumenunua mifuko miwili ya saruji. Mchanga wameuleta wao kwa baiskeli, mmoja anayo kalibu ya msalaba. Kesho tunachanganya, watu wanane na Bi Skolastika wa kupika. Waliniuliza kitakachoandikwa. Nimewaambia waandike jina lake, na chini yake, alikuwa njiani kwenda nyumbani.

Mjomba wako,
Gabrieli